Karatasi ya maabara si cheti cha dawa

Je, msomaji, umewahi kununua chupa ya unga wa majani, au pakiti ya chai, kwa sababu iliandikwa kwamba ina "antioksidanti nyingi"? Je, muuzaji aliwahi kukuonyesha karatasi ya maabara yenye nambari na muhuri kuwa ushahidi? Ikiwa jibu lako ni ndiyo, basi makala haya yanakuhusu.

Miaka michache iliyopita, mzee mmoja, dereva aliyekwisha kustaafu, aliletwa kwenye kliniki yangu na bintiye. Nilikuwa nimemtibu ugonjwa wa sukari kwa miaka sita, na alikuwa akiendelea vizuri. Asubuhi hiyo sukari yake ilisoma 24, ilhali nilizoea kuiona kati ya 7 na 9. Mguu wake wa kulia ulikuwa na kidonda ambacho yeye alidai kilisababishwa na kiatu kipya. Nilipomuuliza kama bado anameza tembe zake, alinyamaza. Binti ndiye aliyefungua mkoba akatoa chupa ya unga wa kijani na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Daktari, usinikasirikie," mzee akasema. "Hii si ya mganga wa kando ya barabara. Imepimwa na maabara. Soma mwenyewe."

Nikasoma. Karatasi ilisema kwamba gramu moja ya unga ule ilikuwa na fenoli zinazolingana na miligramu 38 za asidi ya galiki. Mstari wa pili ulisema kwamba uwezo wake wa kuzima radikali huru ulikuwa asilimia 86. Sikuona sababu ya kuzitilia shaka nambari hizo. Hata hivyo, kwa kuziamini, mzee alikuwa ameacha dawa zake kwa wiki kumi. Mwezi uliofuata alikatwa vidole viwili vya mguu.

Nakiri kwamba siku hiyo nilishindwa kumweleza maana ya nambari zile. Kemia niliyofunzwa chuoni ilikuwa imenitoka zamani. Nilimwendea rafiki yangu ambaye hufundisha kemia, naye akanikaribisha maabarani kwake alasiri nzima. Niliyojifunza huko ndiyo ninayotaka kukueleza leo, ili siku utakapoonyeshwa karatasi kama ile ujue inasema nini na haisemi nini.

Antioksidanti ni nini?

Kata parachichi uliache mezani. Baada ya muda mfupi litakuwa limegeuka rangi na kuwa la kahawia. Hewa ya oksijeni imekutana na kemikali zilizo ndani ya tunda na kuzibadilisha. Ukilipaka maji ya ndimu, litachelewa kugeuka, kwa kuwa ndimu ina ukali wake na pia vitamini C, ambayo hujitoa mhanga ikaoksidishwa kwanza. Kemikali inayojitoa mhanga namna hiyo ndiyo inayoitwa antioksidanti.

Ndani ya miili yetu pia kuna kemikali korofi ziitwazo radikali huru. Zimepungukiwa na elektroni, kwa hiyo hunyang'anya elektroni kutoka kwa chochote kilicho karibu, yakiwemo mafuta ya kuta za seli. Mwili una walinzi wake wa kuzidhibiti, na huzitumia hizo hizo radikali kuua bakteria. Kwa hiyo si adui wa kumalizwa kabisa, kama matangazo yanavyotaka tuamini.

Asidi ya galiki na wino wa kale

Asidi ya galiki ni mojawapo ya asidi za fenoli zinazotengenezwa na mimea. Jina lake linatokana na vivimbe vya mti wa mwaloni. Nyigu mdogo hutaga yai kwenye chipukizi la mti huo, nao mti huvimba na kufanya kitu mfano wa gololi. Gololi hiyo ina tanini nyingi. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya na Mashariki ya Kati walizisaga gololi hizo, wakachanganya maji yake na chumvi ya chuma, wakapata wino mweusi wa kuandikia vitabu na mikataba. Tafadhali ukumbuke wino huo, kwa maana tutaurudia.

Mwaka wa 1786 mkemia wa Uswidi, Carl Wilhelm Scheele, aliitenga asidi hiyo na kuieleza. Leo twajua kwamba iko pia katika majani ya chai, katika maganda ya komamanga na katika embe. Ule ukakasi unaokukausha ulimi ukinywa chai ya rangi iliyochemka mno ni kazi ya tanini na jamaa zake, na baadhi ya tanini zimejengwa kwa asidi hii.

Molekuli yake ni ndogo. Ina pete moja ya kaboni sita, na kwenye pete hiyo vimepangwa vikundi vitatu vya oksijeni na hidrojeni, bega kwa bega. Vikundi hivyo hutoa elektroni kwa wepesi sana. Ndiyo maana viwanda hutumia kemikali iliyotokana nayo, iitwayo propili galeti, kuzuia mafuta ya kula yasichache. Ukiona alama E310 kwenye pakiti ya chakula, ndiyo hiyo. Ndiyo maana pia maabara huipenda.

Kipimo kinavyofanywa

Mwaka wa 1927 wanasayansi wawili, Otto Folin na Vintila Ciocalteu, walitoa maelezo ya dawa ya maabara ya rangi ya manjano iliyotengenezwa kwa madini ya molibdeni na tungsteni. Wao walikuwa wakichunguza protini. Dawa hiyo ikipokea elektroni, hugeuka kuwa ya buluu. Mwaka wa 1965 Singleton na Rossi, waliokuwa wakichunguza mvinyo katika Chuo Kikuu cha California, waliirekebisha ili ipime jumla ya fenoli, na wakapendekeza asidi ya galiki itumiwe kuwa kipimo cha kulinganishia. Tangu mwaka wa 2005, Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lina utaratibu rasmi wa kupima chai kwa njia hiyo.

Rafiki yangu alinionyesha hatua kwa hatua. Kwanza alipima asidi ya galiki safi, unga mweupe kama sukari ya keki, akauyeyusha katika maji. Akatengeneza chupa tano: ya kwanza yenye mikrogramu 10 katika kila mililita, ya pili 20, halafu 30, 40 na 50. Kisha akachukua majani ya chai yaliyosagwa, gramu 0.2 tu, akayatoa utomvu kwa maji yaliyochanganywa na methanoli, kwa joto la digrii 70.

Katika kila kijaribio alitia mililita moja ya maji hayo, mililita tano za ile dawa ya manjano iliyozimuliwa, na baada ya dakika chache mililita nne za magadi ya maabara. Tukanywa chai tukisubiri saa moja. Tuliporudi, vijaribio vilikuwa vimejipanga kutoka buluu hafifu hadi buluu nzito. Akaviingiza kimoja kimoja katika spektrofotomita, mashine inayopitisha mwanga na kupima kiasi kilichonaswa njiani. Mwanga wenyewe ulikuwa wa nanometa 765, ambao macho yetu huuona kwa shida.

Zile chupa tano za asidi ya galiki zilimpa mstari ulionyooka kwenye karatasi ya grafu. Akatafuta mahali ambapo buluu ya chai ilikutana na mstari huo, akasoma chini yake. Hiyo ndiyo nambari inayoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji.

Jiwe la mizani

Hapo ndipo nilipomwelewa. Asidi ya galiki katika kipimo hiki ni jiwe la mizani. Ukienda sokoni, mwenye duka huweka jiwe la kilo mbili upande mmoja na maharagwe upande wa pili. Mizani ikilala sawa, unajua maharagwe yana uzito wa jiwe. Hujui kama ni mabichi au yameliwa na wadudu, na hakika hujaambiwa kwamba ndani ya mfuko kuna mawe.

Asidi ya galiki ilichaguliwa kuwa jiwe kwa sababu za kawaida kabisa. Hupatikana ikiwa safi, bei yake si kubwa, unga wake mkavu haubadiliki upesi, na buluu yake hupanda kwa mpangilio kadiri unavyoiongeza. Haikuchaguliwa kwa sababu inaponya ugonjwa wowote.

Kwa hiyo, "miligramu 38 za asidi ya galiki" haimaanishi kwamba unga ule ulikuwa na asidi ya galiki hata chembe moja. Maana yake ni kwamba mchanganyiko wa vitu vilivyomo uliigeuza dawa ya manjano kuwa buluu kama ambavyo miligramu 38 za asidi ya galiki zingefanya. Na dawa hiyo haichagui. Vitamini C huigeuza. Baadhi ya sukari huigeuza. Hata baadhi ya protini huigeuza. Kila chenye elektroni za kutoa hukaribishwa.

Ule mstari wa pili je, wa asilimia 86? Huo hutokana na kipimo kingine kiitwacho DPPH. Hapo hutumiwa kemikali ya rangi ya zambarau iliyokolea, ambayo yenyewe ni radikali huru. Ikipewa elektroni, zambarau hufifia na kuwa manjano. Asilimia 86 ni kiasi cha zambarau kilichotoweka. Lakini swali la kwanza ambalo rafiki yangu aliniuliza lilikuwa hili: walitia utomvu kiasi gani? Ukitia kidogo, utapata asilimia 20. Ukitia mwingi, utapata 86 au zaidi kwa mmea ule ule. Karatasi ya mzee haikutaja kiasi. Tena, DPPH haipatikani katika mwili wa binadamu yeyote. Ni kemikali ya kununuliwa.

Halafu akanipa hesabu iliyonifanya nicheke kwa uchungu. Kiwango cha ISO cha chai nyeusi kinataka fenoli zisizopungua asilimia 9 ya uzito wa majani makavu, zikipimwa kwa njia hii hii. Hiyo ni miligramu 90 katika kila gramu. Yaani majani ya kawaida ya chai tunayonunua dukani yana zaidi ya mara mbili ya nambari iliyokuwa kwenye chupa ya mzee. Kama nambari hiyo ingekuwa inaponya kisukari, msomaji, Kericho na Limuru kusingekuwa na mgonjwa hata mmoja wa sukari. Na mzee wangu, aliyekunywa chai vikombe vinne kila siku tangu ujana wake, asingeugua kamwe.

Kutoka kijaribio hadi mwilini

Utauliza: lakini daktari, si bora nikiwa na antioksidanti nyingi kuliko chache? Swali hilo liliulizwa na wanasayansi pia, nao walilijibu kwa njia inayostahili, yaani kwa kuwafuata watu kwa miaka mingi.

Nchini Ufini, wanaume 29,133 waliokuwa wakivuta sigara waligawanywa kwa kura. Wengine walipewa tembe za beta-karotini, ambayo ni antioksidanti ya karoti, wengine vitamini E, wengine zote mbili, na wengine tembe zisizo na dawa. Wengi walitarajia saratani ya mapafu ipungue. Matokeo yaliyotangazwa mwaka wa 1994 yalionyesha kwamba waliomeza beta-karotini walipata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi ya wale ambao hawakuimeza. Nchini Marekani, utafiti wa watu 18,314, wengi wao wavutaji wa sigara, ulisimamishwa mapema Januari 1996 kwa sababu waliopewa beta-karotini pamoja na vitamini A walikuwa na ongezeko la asilimia 28.

Beta-karotini ni antioksidanti nzuri ndani ya kijaribio. Ndani ya mapafu ya mvutaji sigara ilileta madhara. Mwili si chupa. Chochote unachokula hupitia tumbo, utumbo, bakteria wa utumbo na ini, na kila mmoja hukibadilisha. Asidi ya galiki yenyewe ikifika mwilini huongezewa kipande kingine cha kemikali, na sehemu yake hutoka katika mkojo ikiwa na umbo jipya. Umbo hilo si lile lililopimwa maabarani.

Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na orodha ya vyakula na uwezo wake wa antioksidanti, uliopimwa kwa kijaribio. Mwaka wa 2012 iliiondoa orodha hiyo kwa hiari yake. Ilieleza kwamba nambari hizo zilikuwa zikitumiwa vibaya na wauzaji, na kwamba vipimo vya kijaribio haviwezi kutabiri kinachotokea mwilini.

Sisemi kwamba mboga na matunda hayana faida. Yana faida kubwa, na anayeyala kila siku hujikinga na maradhi mengi. Lakini faida hiyo tunaijua kwa kuwachunguza watu waliokula, wala hatukuipata kwa kutazama buluu.

Dawa za miti nazo je?

Wala sidharau mitishamba. Tembe ambazo mzee aliziacha, metformini, zina asili ya mmea. Huko Ulaya watu walitumia kwa muda mrefu mmea uitwao Galega officinalis. Wanasayansi walichunguza kemikali zake za kushusha sukari, na nyingine zikaonekana kuwa na sumu. Metformini, jamaa ya kemikali hizo, ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka wa 1922. Mwaka wa 1957 daktari Mfaransa, Jean Sterne, alitangaza matokeo ya kuwapa wagonjwa. Mwaka wa 1998 utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha kwamba wagonjwa wanene waliotumia metformini walipungukiwa na vifo. Hiyo ndiyo safari ambayo mmea hufanya ili uwe dawa. Karatasi ya mzee ilikuwa imepiga hatua ya kwanza tu ya safari hiyo.

Kipimo cha asidi ya galiki kina kazi zake halali. Kiwanda cha chai hukitumia kujua ubora wa majani. Watafiti hukitumia kulinganisha aina za mimea. Chai yetu ya zambarau, aina ya TRFK 306 iliyotolewa na watafiti wa Kericho mwaka wa 2011, huchunguzwa kwa vipimo vya jamii hii. Mwenye ghala aweza kujua kama bidhaa yake imepoteza nguvu kwa kukaa sana. Kosa haliko katika kipimo. Liko kwa anayekipeleka kisikofika.

Wino tumboni

Nilikuomba ukumbuke ule wino. Asidi ya galiki na tanini zake zikikutana na chuma, huungana nacho na kufanya kitu cheusi. Jambo linalofanana na hilo hutokea tumboni ukinywa chai kali pamoja na sukuma wiki au maharagwe. Chai hushika madini ya chuma yaliyo katika mboga, nayo hupita bila kuingia katika damu. Kwa mtu mzima mwenye afya, hilo si jambo kubwa. Kwa mama mjamzito, kwa mtoto mdogo, na kwa yeyote aliyepungukiwa na damu, ni jambo la kuangaliwa. Kunywa chai yako saa moja au zaidi baada ya chakula, na usimeze tembe za kuongeza damu kwa chai.

Waona basi kwamba "fenoli nyingi" si sifa njema kwa kila mtu na kila wakati.

Ukionyeshwa karatasi

Siku nyingine ukionyeshwa karatasi ya maabara, msomaji, uliza maswali haya kabla ya kufungua mkoba wako:

Kwanza, ni nini kilichopimwa? Ikiwa ni fenoli au radikali huru, karatasi hiyo haijasema lolote kuhusu ugonjwa wako.

Pili, je, ilipimwa kwa watu? Wangapi, kwa muda gani, na walilinganishwa na nani?

Tatu, je, ilipimwa kama ina vitu vyenye madhara, mathalani risasi, ukungu, au dawa za hospitali zilizochanganywa kisiri? Kipimo cha fenoli hakiwezi kuvigundua.

Nne, je, muuzaji anakuambia uache dawa ulizoandikiwa? Akisema hivyo, mrudishie chupa yake uende zako.

Na ikiwa tayari unatumia unga au majani ya aina yoyote, mwambie daktari wako. Usione haya. Sisi madaktari nasi tuna lawama hapa, kwa maana mara nyingi tunawafokea wagonjwa hadi wanajifunza kutuficha. Mzee wangu alinificha kwa wiki kumi. Kama ningekuwa mtu wa kuulizika, pengine angeniletea ile karatasi siku ya kwanza.

Alirudi kliniki baada ya miezi mitatu, akitembea kwa fimbo. Sukari yake ilikuwa imeshuka hadi 8. Nilimchorea jiwe la mizani nyuma ya karatasi yake mwenyewe, nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Alitazama mchoro kwa muda, akauliza kama anaweza kumalizia unga uliobaki, kwa kuwa ulimgharimu pesa nyingi.

Nilimwambia asubiri hadi tujue umetengenezwa kwa mmea gani, na kwamba tembe zake atazimeza kila siku, unga uwepo usiwepo. Akaikunja karatasi mara nne kama zamani, akaitia mfukoni. Alisema anataka kumwonyesha jirani yake ule upande wa nyuma.